Ziwa Albert: kutoka mashua ya chuma mpaka mashua ya plastiki

BUNIA – Mwezi wa Desemba 1887, Henry Morton Stanley alifika kando ya Ziwa Albert, upande wetu wa Ituri, akimtafuta Emin Pasha. Maji aliyaona, lakini chombo hakuwa nacho. Mashua yake ya chuma, Advance, iliyogawanywa vipande 12 ili wapagazi waibebe, ilikuwa imeachwa nyuma msituni, kule Ipoto. Ikabidi watu wake warudi kuichukua. Aprili 1888 ndipo vipande vilifungwa pamoja na mashua ikashushwa majini. Mwisho wa mwezi huo Emin akaja na meli yake Khedive. Miezi minne ikapita hivyo, na majina ya wale walioibeba nani anayakumbuka?

Leo Kasenyi na Tchomia mbao ndizo zinatawala. Ubao ukioza, fundi anautoa, anatia mwingine, anaziba mwanya.

Plastiki ni mgeni. Huko Lamu, Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi Flipflopi kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, wakalishusha majini mwaka 2018. Mapema 2019 likafika Zanzibar, na 2021 likatembea Ziwa Victoria. Walitumia ujuzi wa seremala, lakini plastiki ikipasuka haikubali dawa ya mbao.

Mwenye mashua ajue kwanza ni plastiki gani. Akate kipande kidogo, akitie majini. Kikielea, huenda ni ile ya bidoni la njano, nayo haishiki gundi. Kiraka kitabanduka tu. Kikizama, labda ni nyuzi za kioo, na hiyo hupokea gundi yake maalumu.

Ile ya bidoni hutengenezwa kwa moto. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Safisha mafuta, kausha, kwangua kingo. Pasha joto ufa pamoja na ukanda wa plastiki ya aina ileile mpaka vyote vilainike, kisha kandamiza. Fanya nje, moshi wake ni mbaya. Vikipoa, jaza mashua maji ikiwa nchi kavu, uangalie chini.

Tarehe 22 Machi 2014, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 200 waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Uganda walikufa katika ziwa hili. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi, na hapo kiraka hakisaidii kitu.