Ushauri wa Biashara Ndogo (Tanzania Bara)

Ni maarifa apewayo mwenye duka, karakana au kiwanda kidogo na mtu asiyekuwa mshirika wake, ama kwa ujira ama kwa hisani ya serikali, katika mambo ya hesabu, bei, masoko, mitambo, kodi na mikopo, kwa nia ya kuikuza biashara hiyo. Kwa mujibu wa sera ya serikali ya 2003, biashara ndogo ni ile yenye watu 5 hadi 49 na rasilimali ya shilingi milioni 5 hadi 200. Iliyo chini ya hapo huitwa ndogo sana, nayo aghalabu ndiyo yenye haja kubwa ya shauri na uwezo haba wa kulilipia.

Asili

Kabla ya kuwapo idara wala ofisi ya kazi hii, mchuuzi wa bara alishauriwa na tajiri aliyempa bidhaa kwa mali kauli, ambaye, kwa kuwa fedha iliyokuwa hatarini ilikuwa yake mwenyewe, hakuona taabu kumfunza mdeni wake nini kinunuliwe, kiuzwe kwa kiasi gani, na nani asikopeshwe. Waafrika walio wengi hawakuipata elimu hiyo, kwani sheria za ukoloni, zilizodaiwa kuwa za kuwahifadhi wenyeji, zilifanya deni la Mwafrika lisidaiwe mahakamani ila liwe na idhini ya maandishi ya mtawala. Na tajiri asiyeweza kudai hakopeshi, wala asiyekopesha hana sababu ya kushauri.

SIDO na mpango wa Uswidi

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lijulikanalo zaidi kwa herufi SIDO, liliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1973, likirithi kazi ya shirika jingine lililoanzishwa 1966. Zama hizo za Azimio la Arusha, ilhali macho ya wakubwa yalikuwa yameelekezwa kwenye viwanda vikubwa vya umma, SIDO ilipewa kazi ya unyenyekevu, nayo ni kumtafuta fundi mahali alipo, kumpa nafasi katika mtaa wa viwanda, mtambo wa kulipia kidogo kidogo, na mtu wa kumwelekeza.

Jaribio lake mashuhuri lilianza 1976, pale viwanda vidogo vya Tanzania, vikiwamo vya Arusha na Moshi, vilipofungamanishwa kila kimoja na kiwanda cha Uswidi cha kazi ileile, fedha za msaada za nchi hiyo zikigharimia mitambo, mafunzo ya mafundi wa Kitanzania huko Ulaya, na safari za mafundi wa Kiswidi kuja huku. Ubora wa mpango huu wa kupendeza ulikuwa katika mshauri mwenyewe, ambaye hakuwa karani aliyesoma habari za viwanda, bali mtu mwenye kiwanda chake kwao. Udhaifu wake ulidhihirika fedha za kigeni zilipoadimika nchini, kwa maana malighafi na vipuri vilitoka ng'ambo, na shauri, liwe jema namna gani, halikuweza kuchukua nafasi ya chuma kilichokwama kwa kukosa kibali cha kuagizwa.

Kazi ya mshauri

Jambo la kwanza aulizalo mshauri ni daftari, na jibu la kawaida ni kwamba halipo. Fedha ya duka na fedha ya nyumba huwa katika mfuko mmoja, na mpwa aliyechukua kilo mbili za sukari hakuandikwa popote. Baada ya kuzitenga fedha hizo, kuandika mauzo ya kila siku na kuhesabu bidhaa mwisho wa mwezi, hufuata hesabu ya gharama, ambayo huwashangaza hata mafundi mahodari. Chukulia seremala auzaye kitanda kwa shilingi 200,000, ambaye mbao, misumari na vanishi vimemgharimu 150,000, naye akajihesabia faida ya 50,000. Akiongeza ujira wake na wa msaidizi 36,000, pango na umeme 12,000, na mkokoteni 10,000, ataona kwamba kila kitanda kinamtia hasara ya 8,000, na kwamba kuongezeka kwa wateja ndiko kunakomfilisi.

Usajili wa biashara kwa wakala wa serikali, BRELA, makadirio ya mamlaka ya kodi, TRA, na maombi ya mkopo wa benki ni sehemu ya kazi hii pia. Wahasibu wafanyao kazi hii husajiliwa na bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya 1972.

Matokeo

Tafiti za nje zatofautiana. Katika mji wa Puebla, Mexico, biashara zilizopewa washauri kwa mwaka mmoja zilionekana, miaka mitano baadaye, kuwa na ongezeko la waajiriwa la takriban asilimia 57. Jijini Accra, washonaji walioshauriwa na kampuni kubwa ya wahasibu walifuata mafundisho kwa muda, wasione faida, wakarudia desturi zao. Karibu zaidi na kwetu, huko Dandora, Nairobi, wanawake waliokutanishwa na mfanyabiashara mzoefu wa mtaa wao walipata faida iliyozidi kwa takriban asilimia 20, ilhali waliosomeshwa darasani hawakupata ziada yoyote. Lakini faida hiyo nayo ilififia walipoacha kuonana.

Kenya

Taasisi inayolingana na SIDO ni Kenya Industrial Estates, ya 1967.

Hali ya sasa

SIDO ina ofisi mikoani, na tangu 1994 husimamia mfuko wa kuwakopesha wajasiriamali, ambao huambatana na mafunzo. Mashine za risiti za kodi zilizoanza kutumika 2010 zimewafikisha wenye maduka wengi mlangoni kwa mhasibu, japokuwa kwa habari ya kodi zaidi kuliko ya kukuza biashara.