Wanafalsafa waliokwenda kutafuta hekima kwenye kamusi

Novemba 1959, wasomaji wa gazeti la The Times la London waliamkia ugomvi wa wasomi kwenye ukurasa wa barua. Bertrand Russell, mwanafalsafa mkongwe wa miaka 87, alilalamika kwamba jarida la Mind limekataa kukihakiki kitabu cha Ernest Gellner, mhadhiri wa London School of Economics. Kitabu hicho, Words and Things, Russell mwenyewe ndiye aliyekiandikia dibaji. Mhariri wa Mind, Gilbert Ryle wa Chuo Kikuu cha Oxford, hakurudi nyuma: kitabu cha matusi hakistahili kuhakikiwa. Barua ziliendelea kumiminika kwa wiki kadhaa.

Walioshambuliwa na Gellner walikuwa Ryle na wenzake, watu wa mkondo unaojulikana kama falsafa ya lugha ya kawaida. Kosa lao, alivyoona yeye, ni kuyatupa maswali makubwa ya ulimwengu na kukaa kuchambua jinsi watu wanavyozungumza.

Kiu ya lugha isiyo na doa

Ili kuelewa walikofikia, ni lazima kurudi nyuma nusu karne. Gottlob Frege nchini Ujerumani na Russell nchini Uingereza waliamini kwamba lugha ya watu imejaa utata, na kwamba mwenye kutaka ukweli atumie mantiki iliyonyooka kama hesabu. Mwanafunzi wa Russell kutoka Vienna, Ludwig Wittgenstein, alilifikisha wazo hilo mbali zaidi katika Tractatus, kitabu kilichotoka mwaka 1921. Mwaka 1936 kijana wa Oxford, A. J. Ayer, alitoa hukumu kali: sentensi isiyoweza kuthibitishwa kwa ushahidi, wala si ya mantiki au hesabu, haina maana. Kwa kipimo hicho, mtu akisema kuua ni dhambi anatoa hisia zake tu.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Wittgenstein mwenyewe. Alikuwa ameiacha falsafa akaenda kufundisha shule za msingi katika vijiji vya Austria. Aliporejea Cambridge mwaka 1929, alianza kuibomoa nyumba aliyoijenga. Aliwataka wanafunzi wamfikirie mjenzi na msaidizi wake: mjenzi anaita "Nguzo!" au "Boriti!", na msaidizi anaileta. Neno pale si jina lililobandikwa kwenye kitu, bali ni sehemu ya kazi. Anayetaka kujua maana ya neno, kwa kawaida, atazame linavyotumika. Aliaga dunia mwaka 1951, na kitabu chake kikuu cha mawazo hayo, Philosophical Investigations, kilichapishwa miaka miwili baadaye.

Luteni kanali na wenzake wa Jumamosi

Oxford ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 1949 Ryle alichapisha The Concept of Mind, akidai kwamba wanaoitafuta akili kama kitu kilichojificha ndani ya mwili wanafanana na mgeni aliyetembezwa vyuo, maktaba na viwanja vyote vya Oxford, kisha akauliza: sasa Chuo Kikuu chenyewe kiko wapi?

Lakini aliyeupa mkondo huu nidhamu ni John Langshaw Austin, aliyezaliwa Lancaster mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa wa ujasusi wa kijeshi, na kikosi chake kilikusanya habari za ngome za Wajerumani kabla ya majeshi kutua Normandy mwaka 1944. Kazi ile ilihitaji watu wengi kuunganisha vipande vidogo vya habari, na kosa dogo lingegharimu roho za askari. Alitoka vitani akiwa luteni kanali, na tabia ya kazi ile hakuiacha.

Kila Jumamosi asubuhi katika muhula, Austin aliwakusanya walimu wenzake, wengi wao wadogo kwake kwa umri. Walikuwamo P. F. Strawson, H. P. Grice, R. M. Hare na mwanasheria H. L. A. Hart. Waliweza kuchukua jambo moja, mathalani visingizio, wakaorodhesha maneno yote yanayolihusu, kisha wakauliza: ni lini tungesema hivi na si vile? Austin alishauri watu waisome hata kamusi nzima, kwa kuwa tofauti ambazo vizazi vya wasemaji wameona zafaa kuhifadhiwa si za kupuuzwa.

Mfano wake wa punda, wa mwaka 1956, umebaki maarufu. Punda wako na wangu wanalisha malisho mamoja. Nimemchoka wangu, namlenga, napiga. Nikikaribia naona ni wako: hapo nimekosea. Mara nyingine namlenga wangu barabara, lakini wanyama wanasogea na anayeanguka ni wako: hiyo ni ajali. Punda amekufa mara zote mbili, ila lawama haziko sawa. Hart, aliyeijua mahakama vizuri, alitambua uzito wa tofauti hizo, na kitabu chake cha mwaka 1961, The Concept of Law, kina alama za Jumamosi zile.

Kusema ni kutenda

Mwaka 1955 Austin alialikwa Harvard, Marekani, kutoa mihadhara. Huko alionyesha kwamba maneno mengi hayaelezi chochote, bali yanatenda. Anayeahidi, anayeweka dau, anayekubali ndoa, hatoi taarifa: ameshatenda. Tendo hilo haliitwi kweli wala uongo, ila laweza kubatilika. Mtu asiye na mamlaka akivunja chupa kwenye meli na kuipa jina, meli haijapata jina. Austin alitaja hata talaka: neno la mume lililo na nguvu kwa Waislamu halivunji ndoa ya Wakristo katika nchi ya Kikristo. Yeyote aliyewahi kufika mbele ya kadhi Mombasa au Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi.

Mihadhara hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1962, mwandishi akiwa kaburini. Saratani ilimuua Austin Februari 1960, akiwa na miaka 48, miezi michache tu baada ya ugomvi wa The Times. Mkondo wake ukafifia upesi, lakini zana zake zilihamia kwingine. John Searle, aliyesoma Oxford, alizifanya nadharia kamili ya vitendo uneni mwaka 1969, na Grice akaweka msingi wa pragmatiki inayofundishwa leo kwenye idara za isimu.

Gellner alikuwa na haki katika jambo moja: kujua watu wanavyosema hakutoshi kuthibitisha kwamba wanasema kweli. Hata hivyo, anayelibeza neno la kawaida kabla ya kulichunguza ameruka hatua ya kwanza. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyeongozwa na Ryle huko Oxford, aliipeleka hatua hiyo Afrika: alitaka wanafalsafa wa bara hili wazipime hoja walizozipokea katika lugha zao wenyewe, maana baadhi ya matatizo huyeyuka yakitoka kwenye Kiingereza. Kiswahili kina kamusi, kina mahakama na kina wasemaji wasioishiwa visingizio. Walimu wa falsafa wa Nairobi na Dar es Salaam waitenge asubuhi moja ya juma, waanze.