Mifupa iliyoitwa dhahabu

Mswahili akipata msiba husema fulani amefariki au ameaga dunia, asitamke wazi kwamba amekufa. Wakantoni wa kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong na Hong Kong, wameipeleka tafsida mbali zaidi, kwani kwao nuksi imo katika sauti yenyewe ya neno. "Nne" na "kufa" yote hutamkwa sei, yakitofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, ndiyo maana majengo mengi ya Hong Kong hayana ghorofa ya 4 wala ya 14. Nyumba tupu nayo haiitwi tupu, kwa kuwa neno hilo, hung, linafanana na lile la balaa. Huitwa gat uk, nyumba ya heri. Hata ini la nguruwe lilibadilishwa jina, kwani jina lake la asili husikika kama "kukauka", na mchuuzi gani anataka mfuko uliokauka?

Tafsida nzito zaidi, hata hivyo, ni za makaburini. Kwa mila za huko, miaka kadhaa baada ya maziko kaburi hufukuliwa, mifupa ikasafishwa na kutiwa mtungini. Kazi hiyo huitwa jap gam, kuokota dhahabu, na mtungi ni gam taap, mnara wa dhahabu.

Katika karne ya 19 maelfu ya Wakantoni walivuka bahari kufuata dhahabu ya kweli huko California, waliyoiita Gam Saan, Mlima wa Dhahabu, kisha Australia na New Zealand. Aliyefia ugenini, bila jamaa wa kulitunza kaburi lake, aliaminiwa kuwa mzimu wenye njaa. Kwa hiyo vyama vya watu wa wilaya moja vilichanga fedha, vikafukua mifupa na kuisafirisha hadi Hong Kong. Huko hospitali ya hisani ya Tung Wah, iliyoasisiwa mwaka 1870, ilisaidia kuifikisha vijijini.

Si wote waliofika. Mwezi Oktoba mwaka 1902, meli ya Ventnor ilizama karibu na Hokianga, New Zealand, ikiwa na mabaki ya watu 499, wengi wao wachimba dhahabu. Mifupa iliyosukumwa ufukweni na mawimbi ilizikwa na Wamaori wa pwani hiyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, vizazi vya Wachina wa New Zealand walikwenda Hokianga kuwashukuru wenyeji hao, na kuwafanyia wafu wao matambiko yaliyokuwa yakiwasubiri Guangdong.