Kipimo cha Gunia: Mazao ya Misitu, Soko la Dar es Salaam na Haki ya Kijiji

Alfajiri, katika soko la Feri, Dar es Salaam, mnada wa samaki unapoanza, msitu umekwisha kufika sokoni. Umo katika mataruma ya mashua zilizofunga ufukweni, katika matenga, katika vikapu vya ukindu, na katika kuni zinazowaka chini ya makarai ya wakaangaji. Mwendo mfupi kutoka hapo, Kariakoo, mkaa hupimwa kwa kopo, asali kwa chupa na miti shamba kwa fungu. Tofauti ya msitu na samaki iko kwa muuzaji wa kwanza. Mvuvi husimama mnadani akamsikia dalali akiipandisha bei ya samaki wake. Aliyechoma mkaa au kukata ukindu hayupo. Bei ya jasho lake hutajwa mjini, na yeye yuko kijijini.

Makala hii inauliza: katika fedha ambayo mji hulipia mazao ya misitu, kijiji chenye msitu hupata nini, na kwa nini? Ninatetea hoja kwamba vijiji hivi ni maskini kwa sababu mambo matatu yanayoamua bei, yaani njia ya kufika sokoni, kipimo na kibali, yameshikwa na wengine. Kijiji kinapoyashika, hupata kipato na sababu ya kuutunza msitu. Kisipoyashika, hupoteza vyote viwili.

Njia

Jambo hili ni la zamani katika pwani ya Mrima. Katika karne ya 19 Wazaramo walichimba sandarusi, utomvu mgumu uliofukiwa ardhini, wakaipeleka pwani. Kupitia Unguja ilifika Salem, Marekani, ikatengenezwa vanishi. Boriti za mikoko za delta ya Rufiji nazo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, zikaezeka nyumba za miji isiyo na miti. Katika biashara zote mbili mkata miti na mchimbaji walikuwa mbali kabisa na mahali thamani ilipohesabiwa.

Barabara imefupisha safari bila kubadilisha mpangilio huo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, misitu ya Kilwa, Liwale na Lindi ilisogea karibu na Dar es Salaam na bandari yake. Magogo yakamiminika. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba wanakijiji walipata takriban sehemu moja tu ya mia ya thamani ya magogo yaliyosafirishwa nje. Watafiti walioongozwa na Antje Ahrends, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walieleza jinsi uvunaji ulivyokuwa ukisambaa kutoka mjini kama mawimbi. Mwaka 1991 wimbi la mkaa lilikuwa umbali wa kilomita 20 hivi kutoka jijini. Mwaka 2005 lilikuwa limefika kilomita 50, na miti ya mbao za thamani ilibidi itafutwe mbali zaidi. Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya jirani kabisa na jiji, ilionja makali hayo mapema.

Wimbi hilo lina maana ya kiuchumi. Pale mti usipokuwa na mwenyewe anayetambuliwa, mnunuzi hana sababu ya kulipia ukuaji wake. Hulipia kazi ya kukata na kubeba, kisha husogea mbele. Kijiji anachokiacha nyuma kimepoteza mtaji wake kwa malipo ya kibarua.

Kipimo

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa Tanzania ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, na kwamba karibu nusu ya mkaa wote ulitumika Dar es Salaam. Benki hiyo pia ilikadiria kwamba Serikali ilikosa mapato ya dola milioni 100 kila mwaka. Basi fedha ipo. Swali ni inakatika wapi.

Sehemu ya jibu tunaiona katika gunia lenyewe. Kijijini mkaa huuzwa kwa gunia, na gunia hilo hujazwa lumbesa: kichwa chake hupandishwa juu ya mdomo, kikafumwa kwa kamba. Mchomaji hulipwa gunia moja. Likifika mjini, kichwa hicho hushushwa, mkaa ukagawanywa kwa ndoo na kopo, na kila kopo lina bei yake. Kipimo kikubwa hutumika kununua na kipimo kidogo hutumika kuuza. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika biashara hii kisu ni kipimo.

Kibali

Kisheria, kijiji si mnyonge. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kutenga hifadhi ya msitu wa kijiji, kuisimamia kupitia kamati ya maliasili, kupanga bei ya mazao na kubaki na mapato. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya milioni 20 kati ya hizo zimo katika ardhi za vijiji. Lakini haki hiyo hudai mpango wa matumizi bora ya ardhi, mpango wa usimamizi, sheria ndogo na mihuri ya wilaya. Gharama yake ni kubwa kwa kijiji ambacho hakijauza hata gogo moja. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye karatasi humkuta mwanakijiji mwenye miti akiwa mkono mtupu.

Pale karatasi zilipopatikana, matokeo yamekuwa mengine. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kupitia shirika la kuhifadhi mpingo, vikaanza kuuza mbao kwa bei vilivyoipanga vyenyewe. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Msimba viligawa misitu yao ya miombo katika vitalu vidogo vinavyovunwa kwa mzunguko wa miaka 24. Visiki huachwa ardhini vichipue, vitalu vya jirani husimama, na ushuru wa mkaa huingia katika mfuko wa kijiji kugharimia huduma za jamii. Hapo mwanakijiji huyaona madarasa na zahanati kuwa tunda la msitu uliosimama, na mlinzi wa msitu hupata wa kumuunga mkono.

Pingamizi

Wapo watakaosema mkaa ni adui na dawa yake ni marufuku. Serikali iliijaribu dawa hiyo Januari 2006. Bei zilipaa, na baada ya wiki chache marufuku ikaondolewa. Zaidi ya hayo, chanzo kikuu cha kutoweka kwa misitu nchini ni upanuzi wa mashamba. Miombo iliyovunwa kwa mpango huchipua. Iliyong'olewa visiki ili kupanda ufuta hairudi. Msitu usioingiza chochote kijijini ndio unaolimwa kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la afya, yaani moshi wa kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ninaliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Mama anayekaanga samaki Feri hastahili kulipia riziki yake kwa mapafu. Hata hivyo gesi inayoingia jikoni mjini inaondoa mteja kijijini. Tusipokipa kijiji soko la mbao halali, asali na ukindu wakati mteja wa mkaa anaondoka, tutaokoa mapafu ya mjini na kuukabidhi msitu kwa jembe.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba viongozi wa vijiji nao huweza kula mapato. Ni kweli, na tiba yake ni hesabu kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mahali ambapo kila mwanakijiji mtu mzima anaweza kuuliza.

Hitimisho

Hatua tatu zinafuata kutoka katika hoja hii. Mkaa na mazao mengine yauzwe kwa mzani, na mzani wa kwanza uwe kijijini, lumbesa ikome. Halmashauri zigharimie karatasi za hifadhi za vijiji kama zinavyogharimia barabara, kwa kuwa barabara ikitangulia karatasi, magogo hutangulia haki. Na bei za Dar es Salaam zitangazwe mara kwa mara katika vijiji vinavyovuna.

Mnada wa Feri una kasoro zake, lakini una jambo moja la haki: mwenye samaki anasikia. Mwenye msitu naye asikie.