Joseph Olita: Mtu Aliyevaa Uso wa Adui Yetu

Siku ya Mashujaa iliyopita nilikuwa Kaboya, wilayani Muleba, mahali walipolazwa askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Na baada ya dua na taadhima zote kumalizika, watu walipokuwa wakitawanyika kutafuta vivuli, kijana mmoja wa sekondari alitoa simu yake akawaonyesha wenziwe picha ya mtu wa miraba minne, aliyejaa nishani kifuani, akawaambia kwamba huyo ndiye Idi Amin. Mjomba wangu, mzaliwa wa Kyaka, ambaye mwishoni mwa Oktoba 1978 alivuka Mto Kagera pamoja na mkewe na watoto wakakimbilia huku Muleba bila ya kubeba kitu ila godoro na redio, aliiomba simu ile, akaitazama kitambo, akasema kwamba huyo siye. Kijana hakusadiki, na haikuwa ajabu, maana picha yenyewe ilikuwa na kila kitu ambacho mtu hukitarajia katika sura ya jabari. Walakini mzee alisema kweli. Uso ule ulikuwa wa Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya, mtu ambaye hakumdhulumu mmoja wetu hata kwa neno, na ambaye kazi yake ya maisha iliishia kufunikwa na wajihi wa mtu mwingine.

Olita alikuwa Mjaluo wa Siaya, upande ule wa Nyanza ambao sisi wa Bukoba tunashirikiana nao ziwa moja na upepo mmoja. Alipata umaarufu mwaka 1981, ilipotoka filamu iitwayo Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel, Mhindi wa Kenya, ambaye aliianza kazi hiyo wakati majeraha ya watu yangali mabichi, kwani Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na Amin mwenyewe alikuwa hai uhamishoni, wala hakufa ila Agosti 2003 huko Jeddah. Jambo hili lastahili kutiwa maanani na kila apimaye ustadi wa Olita: hakuwa akiigiza mfalme wa zamani aliyesomwa vitabuni, bali mtu ambaye angeweza kuketi mbele ya sinema na kujitazama.

Baadhi ya waliomtangulia katika nafasi hiyo walikuwa Wamarekani weusi, nao waliigiza tukio moja tu, la kuokolewa kwa mateka wa ndege huko Entebbe, Julai 1976: Godfrey Cambridge, aliyefariki ghafla kwa maradhi ya moyo mwaka ule ule, kazi ya kupiga picha ikiwa ingali inaendelea, Julius Harris, aliyeirithi nafasi ile, na Yaphet Kotto, katika filamu nyingine ya habari hiyo hiyo. Mabingwa walikuwa, na fani yao waliijua. Lakini Olita alikuwa mtu wa ukanda huu, na katika mwili wake mzito, katika mwendo wake, na zaidi katika kicheko chake, kulikuwa na kitu ambacho mtu wa mbali hawezi kukiazima.

Mjomba, aliyeiona filamu hiyo katika banda la video mjini Bukoba, miaka ambayo Tanzania Bara ilikuwa haijapata hata kituo kimoja cha televisheni, hukitaja kicheko hicho kuliko jambo jingine lolote. Asema kwamba watu walioketi pale, ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wa mwaka 1978, walinyamaza kila Olita alipocheka, kwa sababu hawakuwa wameisahau redio ya vita, wakati Amin, baada ya kutangaza Novemba 1 kwamba nchi yote mpaka Mto Kagera imekuwa ya Uganda, alijigamba kuwa yu tayari kupigana ndondi na Mwalimu Nyerere, naye Muhammad Ali awe mwamuzi. Dunia ya mbali ililicheka neno lile. Kyaka nyumba zilikuwa zikiungua, daraja likavunjwa, na mifugo ikaswagwa kupelekwa ng'ambo. Na Bukoba ilikuwa imekwisha kuionja ghadhabu yake tangu Septemba 1972, ndege zake zilipodondosha mabomu mjini. Kwa hiyo mwigizaji aliyetaka kumwonyesha Amin sawasawa alipaswa kuuonyesha mzaha na mauaji katika uso mmoja, kwa pumzi moja, na hilo Olita aliliweza.

Mtu mwingine wa filamu ile, ambaye kisa chake siujui mfano wake katika sinema zote za Afrika ya Mashariki, ni Denis Hills. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha Uganda kwa muda mrefu, akaandika kitabu kiitwacho The White Pumpkin, na ndani yake akamweleza Amin kuwa ni dhalimu wa kijijini. Habari za muswada huo ziliwafikia watawala kabla kitabu hakijatoka. Aprili 1975 Hills akatiwa nguvuni, na Juni akahukumiwa kupigwa risasi. Malkia Elizabeth akaandika barua ya kumwombea maisha yake, na barua ile ikachukuliwa na Jenerali Chandos Blair pamoja na Meja Iain Grahame, waliokuwa wakubwa wa Amin zamani za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, alipokuwa yeye askari wa kupokea amri. Amin akawapokea katika nyumba ya msonge yenye mlango mfupi, hata wageni wale hawakuwa na hila ila kujikunja ndipo wapate kuingia, na habari ya kuinama kwao ikaenea ulimwenguni. Hata hivyo mfungwa hakutolewa. Amin alishikilia kwamba Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza aje mwenyewe. Na James Callaghan alikuja Kampala Julai, akaondoka na Hills.

Basi mtu huyu, aliyeketi akihesabu siku zake za mwisho kwa amri ya Amin, miaka michache baadaye alikubali kuingia katika filamu ya Patel na kuigiza nafsi yake mwenyewe. Nawaomba wasomaji wafikiri maana yake kwa Olita. Mwigizaji huogopa wahakiki wa magazeti na hadhira yenye kuzomea. Olita alifanya kazi pamoja na shahidi aliyekwisha kumwona mwenye sura ile, aliyeijua sauti yake na hasira yake, na ambaye aghalabu asingedanganyika kwa nishani za bati na koti la jeshi. Nami naona kuwa mtihani huo ni mzito kuliko tuzo zote, na kwamba Olita aliushinda, maana filamu ile, pamoja na kasoro zake, haina mahali ambapo yeye anapwaya.

Kasoro zinazo, wala sitazificha. Patel alipenda damu kupita kiasi, na uvumi wa sokoni kuhusu vichwa vya watu katika jokofu aliugeuza kuwa picha, kana kwamba dhuluma ya kweli, ambayo waliokufa kwayo hukadiriwa kufika 300,000, haikutosha kumtisha mtazamaji. Vita vyetu, navyo, vimewekwa mwishoni, baada ya nyoyo kuchoka.

Miaka kumi baadaye Mira Nair, mwongozaji wa India, alimwita Olita auvae tena uso ule katika Mississippi Masala ya 1991, kwa nafasi fupi mno. Humo yumo mwigizaji mkongwe wa Kihindi, Roshan Seth, mzaliwa wa Patna, aliyemwigiza Nehru katika Gandhi ya 1982 na tena katika mfululizo wa televisheni wa India uitwao Bharat Ek Khoj; hapa ni Jay, wakili wa Kampala aliyefukuzwa mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine waliopewa siku 90, na ambaye hata baada ya kufika Marekani moyo wake hauhami. Seth huigiza kwa kunyamaza, na uso wake unapotulia mtu huona nyumba, bustani na ziwa alivyoviacha. Aliyepita mbele ya maduka ya zamani ya Wahindi mjini Bukoba, akakumbuka familia zilizofunga milango yake na kwenda zake, atamwelewa Jay bila ya kufasiriwa.

Baada ya hapo habari za Olita zinakuwa chache. Mwaka 2007 Forest Whitaker alipewa Oscar kwa kumwigiza Amin katika The Last King of Scotland, nasi tulishangilia kama walivyoshangilia wengine, wala jina la Mkenya aliyeifungua njia hiyo miaka zaidi ya ishirini kabla halikuwa vinywani mwetu. Alifariki Juni 1, 2014, huko Siaya, akiwa na umri wa miaka takriban 70. Yanihuzunisha kwamba mkoa huu, ambao hata jina lake la Kagera ulilipata kwa sababu ya vita vile, haujampa mtu huyu hata jioni moja ya kumkumbuka. Na yanihuzunisha zaidi kwamba mimi sijaona bado filamu ya hadithi inayofunguka Kyaka badala ya Kampala au London, ilhali magofu ya kanisa la Kyaka yangalipo, daraja lina masimulizi yake, na wazee wenye kumbukumbu wanatutoka mmoja mmoja kila msimu.

Pale Kaboya mjomba hakumkemea kijana. Alimtajia jina la Olita polepole, herufi kwa herufi, na kijana akafuta maneno aliyokuwa ameyaandika chini ya picha, akaliandika jina hilo. Kisha mzee akamshika mkono, wakaingia safuni mwa makaburi kumtafuta askari mmoja ambaye Novemba ile ya 1978, akiwa njiani kwenda vitani, alilala siku mbili katika ua walimokimbilia wao, akala nao senene, na kuwafundisha watoto namna ya kufunga viatu vya jeshi.