Nyangumi Hakufika Tabora

Mtu akikuambia meli za kuvulia nyangumi zina undugu na Tabora, utamcheka. Hata mimi nilicheka. Mji wetu ni miembe na vumbi, bahari iko mbali huko. Lakini hebu nifuate.

Julai 1915 Waingereza waliingia Rufiji kuimaliza Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha mtoni baada ya kuizamisha Pegasus kule Unguja mwaka 1914. Pamoja na meli za mizinga, Severn na Mersey, walileta vijimeli viwili, Echo na Fly, kusafisha njia ya mabomu ya majini. Vilikuwa vya aina ya meli za kufukuza nyangumi: vyepesi, vyenye mbio, visivyohitaji kina kirefu. Omo, palipozoea kukaa mzinga wa kurushia chusa, pakafungwa mzinga wa vita. Basi, mvuvi akawa askari.

Tarehe 11 Julai Königsberg ikaisha. Wajerumani nao hawakulala. Waliiopoa mizinga yake 10, wakaiundia magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa kwa reli kupitia Tabora hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, ndiyo Liemba yetu ya leo.

Reli ile ilifuata, kwa sehemu kubwa, nyayo za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Humo Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa ujira, na upagazi ulikuwa sifa ya mwanamume. Vita viliigeuza kazi hiyo pia. Pasipokuwa na reli mizinga ilivutwa na watu, mamia kwa mamia, na wengi walikamatwa tu vijijini. Pande zote mbili wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Bibi yangu alisema baba yake "alibeba vita". Hakueleza zaidi, nami nilikuwa mtoto, sikuuliza.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha. Majina ya vijimeli tunayo. Hata Fly, yaani inzi, iliandikwa vitabuni kwa jina lake. Aliyevuta mzinga hadi akaanguka njiani aliandikwa "mpagazi", tena kwa hesabu tu.

Ndiyo maana siku hizi nikimwona mzee chini ya mwembe, nakaa. Nauliza.