KUTOA AU KUBADILISHA? HISTORIA YA ISTILAHI MOJA YA TIBA YA DAMU

Wilaya ya Kongwa imezoea kupokea mambo mapya pamoja na majina yake. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulikuja na matrekta na mabuldoza. Kwa upande mwingine, utafiti wa vikope uliofanywa katika vijiji 6 vya wilaya hiyo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1995, haukuhitaji jina jipya. Neno vikope lilikuwapo, na kazi ikawa kueleza faida ya kumnawisha mtoto uso.

Lakini yako maradhi adimu ambayo Kiswahili hakijayapa jina. Mwaka 1924, daktari Eli Moschcowitz wa New York alieleza habari za msichana wa miaka 16 aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mishipa yake midogo ilikuwa imezibwa na damu iliyoganda. Katika maradhi hayo chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu, hutumika ovyo hadi zikapungua. Hivyo mgonjwa huganda damu ndani huku akivilia ngozini. Tukiyaita "upungufu wa chembe sahani" tutapotosha, kwani msikilizaji atadhani dawa ni kuziongeza, na kumbe kuziongeza kwaweza kumdhuru mgonjwa.

Tiba yake nayo ina historia. Mwaka 1914, John Jacob Abel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa damu ya mbwa, wakatenga utegili, yaani sehemu ya majimaji, kisha wakarudisha chembe. Tendo hilo wakaliita plazimaferesi, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kuondoa. Zamani wagonjwa wapatao 9 katika kila 10 wa maradhi ya Moschcowitz walikufa. Mwaka 1991 Wakanada walichapisha jaribio la wagonjwa 102. Kati ya 51 waliobadilishiwa utegili, 40 walikuwa hai baada ya miezi 6. Kati ya 51 waliotiwa utegili tu, walikuwa hai 32.

Sababu ilidhihirika baadaye. Mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba kwa wagonjwa wengi kingamwili hushambulia kimeng'enya kinachokata protini ndefu za kugandisha damu. Kwa hiyo tiba hufanya mambo mawili: huondoa kingamwili hizo, na kwa utegili wa mchangia damu hurudisha kimeng'enya kilichokosekana.

Hapa ndipo neno la mwaka 1914 linapopungukiwa, maana lataja kuondoa tu. Kitenzi chetu kubadilisha chabeba yote mawili, kutoa na kutia. Kwa hiyo twapendekeza ubadilishaji utegili, na kwa ugonjwa wenyewe, maradhi ya Moschcowitz. Pasipo na mashine, kutia utegili huweza kumsaidia mgonjwa wakati akisubiri kupelekwa penye mashine. Basi utiaji utegili nao uwe istilahi ya pekee, isichanganywe na ile ya kwanza.

Ndugu wa mgonjwa atokaye Kongwa, akiombwa idhini hospitalini, hana budi kujua kama mgonjwa wake atatolewa kitu, atatiwa kitu, au vyote viwili. Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi wanaombwa walilete.